Mvua Inapokata Ova: Namna Lengo Linavyokokotolewa Upya

Katika kriketi ya siku moja, ambamo kila timu hupewa ova 50, yaani mafungu 50 ya mipira sita sita, ili ikusanye mikimbio kabla ya wapigaji wake kumi kutolewa, yaani kupoteza wiketi zake kumi, mvua huzua swali la hesabu ambalo kwa miaka mingi lilijibiwa vibaya: timu inayofukuzia ikipunguziwa ova, ipunguziwe mikimbio mingapi? Jibu la awali lilikuwa la uwiano mtupu, kwamba ova kumi zikiondoka katika 50, moja ya tano ya mikimbio iondoke nazo. Jibu hilo liliipendelea timu ya pili, kwa kuwa wapigaji wenye wiketi kumi za kutumia katika ova 40 huweza kuthubutu zaidi kuliko wenye wiketi hizohizo katika ova 50.

Kanuni ya Kombe la Dunia la 1992 ilikosea kwa upande wa pili, kwani ilifuta zile ova ambazo timu ya kwanza ilivuna mikimbio michache kabisa, hivyo warushaji hodari wakaadhibiwa kwa uhodari wao. Katika nusu fainali ya Sydney, Machi 22, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 ili kuishinda Uingereza. Dakika 12 za mvua ziliondoa ova mbili lakini mkimbio mmoja tu, na wapigaji walirudi uwanjani wakidaiwa 21 kwa mpira mmoja.

Wanatakwimu Frank Duckworth na Tony Lewis, ambao mbinu yao ilitumika kwa mara ya kwanza Januari 1, 1997, Zimbabwe ilipocheza na Uingereza mjini Harare, walikataa kuhesabu ova peke yake. Kwao, timu ina rasilimali mbili zinazotegemeana, ova zilizosalia na wiketi zilizosalia, na jedwali lao huziunganisha kuwa kipimo kimoja cha asilimia: ova 50 na wiketi zote ni 100, ilhali ova 40 na wiketi zote si 80 bali 89.3. Kwa hiyo, timu ya kwanza ikipata 250, na ya pili ikapewa ova 40 tangu mwanzo, hesabu huleta 223.25, na lengo la ushindi huwa 224. Uwiano mtupu ungedai 201.

Uzuri wa mbinu hii huonekana zaidi mvua inapokatiza zamu ya pili. Timu inayofukuzia 250, ikiwa imebakiwa na ova 30 na imepoteza wiketi mbili, ina asilimia 67.3, ikinyang'anywa ova kumi hubaki na 52.4, tofauti hiyo huondolewa katika 100 yake ya mwanzo, na lengo hushuka hadi 213. Lakini ikiwa imepoteza wiketi tano, kupotea kwa ova kumi hizohizo huipunguzia asilimia 6.1 tu, kutoka 44.7 hadi 38.6, na lengo hubaki 235, kwa sababu timu iliyokwisha kupoteza wapigaji wake bora isingezifaidi sana ova ilizonyimwa. Wapo wanaoona huo ni ukatili. Kwa hakika ni kinga dhidi ya mvua kuiokoa timu iliyokwisha kuzidiwa.

Jedwali hilo la karatasi halitoshelezi alama zikiwa kubwa mno, ndiyo maana mechi za kimataifa hutumia programu ya kompyuta, na tangu Steven Stern aichukue kazi hiyo mwaka 2014, jina lake limeungana na ya wale wawili.

Hata hivyo, hesabu sahihi huhitaji msomaji sahihi, kwa kuwa karatasi inayopelekwa uwanjani huonyesha alama za kutoka sare, na ushindi hudai mkimbio mmoja zaidi. Mjini Durban, Machi 3, 2003, Afrika Kusini, ikidhani kwamba 229 ni za ushindi dhidi ya Sri Lanka, iliziachia alama zake hapohapo: mpigaji wake Mark Boucher aliuzuia mpira wa mwisho bila kukimbia, mvua ikaufunga mchezo, na wenyeji wakatolewa katika Kombe la Dunia kwa sare, huku Kenya, iliyokuwa katika kundi hilohilo, ikisonga mbele hadi nusu fainali.