Umaskini na Ugonjwa wa Akili katika Vitabu Viwili vya Kezilahabi

Wandugu waseminari, nanyi makatekista, hapa Kamina tunasikia mara nyingi neno hili: "Umaskini ndio uliomtia wazimu." Mtu alipoteza kazi, sasa anazunguka sokoni akisema peke yake, watu wanatikisa kichwa, na shauri limekwisha. Wengine wanasema amelogwa. Tumependa kulipima neno hili kwa vitabu viwili vya Euphrase Kezilahabi (1944-2020), mwana wa kisiwa cha Ukerewe katika inchi ya Tanzania, ambaye naye alisoma seminari, kule Nyegezi.

Cha kwanza ni Rosa Mistika, cha mwaka 1971. Mwanzoni kilikatazwa mashuleni kwao, kwani kinasema waziwazi mambo ya wasichana. Rosa ni mtoto wa nyumba maskini, lakini tutazame vizuri kitu kinachomvunja. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Siku moja anavumbua barua ya kijana Charles yenye fedha ndani. Anampiga binti yake vikali na kumwaibisha. Tangu hapo Rosa anajua kuogopa wanaume tu, hajui kusema nao. Akifika masomoni mbali na nyumbani, fimbo haiko tena, naye anajitupa ovyo. Baadaye anataka kurudi katika njia njema. Mchumba anamwacha sababu ya mambo yaliyopita, na Rosa anajiua. Umaskini uko wapi basi? Sisi tunauona katika baba aliyepoteza heshima yake mbele ya watu, akabaki na watoto wake tu wa kutawala. Chakula kinaweza kupungua nyumbani bila mtoto kuharibika hivi. Ni haya ya mkubwa iliyoshuka juu ya mdogo.

Katika Kichwamaji, cha 1974, mambo ni magumu zaidi. Kazimoto ni mwanafunzi wa univasiti. Ana kitu ambacho wazazi wetu wanauza mbuzi na mahindi ili kulipa minervali wakipate. Dada yake Rukia anapewa mimba na Manase, rafiki wa utoto. Rukia anakufa, na mama anakufa nyuma yake. Kazimoto hawezi tena kuamini yale wazee wanayoamini, wala hana lingine la kuamini. Mwishoni anajiua. Kama ukosefu wa mali peke yake ungeleta ugonjwa, huyu angepona mbele ya wengine.

Padri Placide Tempels, aliyeishi kati ya Baluba wa Katanga, aliandika katika kitabu chake cha 1945 kwamba muntu hawezi kuwa mtu wa pekee, aliyekatwa na wenzake. Kazimoto anamtolea ushuhuda. Lakini Rosa anampinga kidogo, nasi hatupendi kulificha jambo hili: jamaa yenyewe ndiyo iliyomponda. Katekista anayemrudisha mgonjwa nyumbani sherti aulize kwanza nani anamngoja kule.

Kosa la Rosa Mistika, kwa maoni yetu, ni haraka. Mwandishi anamshusha Rosa upesi mno, na pale Rosa na baba yake wanaposhindana mbele ya Mungu, tunasikia zaidi sauti ya mwalimu. Kichwamaji kinavumilia giza lake vizuri zaidi. Hata hivyo hukumu ile inatuhusu. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimnyima mazishi ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kusudi. Sheria ya 1983 haimtaji tena kati ya wanaonyimwa. Na Katekisimu ya 1992, namba 2282, inasema kwamba ugonjwa mzito wa akili, uchungu, au hofu kubwa ya taabu vinaweza kupunguza hatia yake. Maneno haya yalitoka miaka ishirini na moja baada ya Rosa. Anayesoma ukurasa wa mwisho leo anaweza kumzika.