Mkaa Jikoni na Mtoto Asiyekaa Kitako

Kwetu Unguja mtoto asiyetulia ana majina mengi: mtukutu, mtundu, hakai kitako. Yote ya kumlaumu. Kwa hiyo nawaomba mrudi kwenye ngano ya zamani, "Sultani Majnuni", aliyoichapisha Edward Steere katika Swahili Tales, London, 1870, kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar.

Mnaikumbuka. Ndege anamaliza tende za Sultani. Watoto sita wanalinda mtende kwa zamu, wote wanapitiwa na usingizi. Wa saba, Mkaa Jikoni, anayedharauliwa kwa kushinda jikoni, ndiye anayekesha. Kwa nini yeye? Wengi tutajibu: ushujaa. Mimi naona jibu limo mdomoni mwake. Anatafuna mahindi na mchanga. Usingizi ukimjia, mchanga unamkwaruza meno, anazinduka.

Mwaka 1972 Mmarekani A. Jean Ayres alitoa kitabu kuhusu namna ubongo unavyopanga hisia za mwili. Kwa nadharia yake, wapo watoto ambao miili yao inadai kubembea, kusukuma, kutafuna, kubeba kizito, ndipo watulie. Msimulizi wetu hakuwa na nadharia, ila aliona mwili ukipewa kazi, akili inakaa macho.

Na jikoni kwenyewe si pa kudharau. Kuna kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, ndoo za maji, unga wa kukanda. Mtoto asiyetulia, hebu mpe unga akande kabla hujampa daftari.

Napenda pia mama yake. Kijana anapotoka kumwinda nunda, paka mla watu, mama anambembeleza aache. Lakini kila anaporudi na mnyama akiuliza kama ndiye, mama anamjibu kwa ukweli: siye.

Ugomvi wangu na ngano uko mwishoni. Heshima inakuja baada ya nunda kufa. Sasa yule wa darasa la pili anayegonga dawati mchana kutwa, asiye na nunda wa kumuua, yeye je? Jioni pale Forodhani tunawapigia makofi vijana wanaoruka makachu baharini. Asubuhi, hamu ile ile ya kuruka ikitokea skuli, tunatafuta bakora.

Mwalimu anayemtuma mtoto huyo abebe madaftari mpaka ofisini, kisha akampokea darasani bila kumsimanga, ameielewa ngano hii kuliko wahakiki wengi.