Mmea Usio na Udongo: Uhakiki wa Michoro ya Mimea ya Msafara wa Speke na Grant

Mwanzoni mwa 1862, maradhi ya mguu yalimzuia James Augustus Grant huko Karagwe, ng'ambo ya Mto Kagera kutoka Isingiro. Mimea ya msafara ule ilikaushwa, ikapelekwa Uingereza, ikachorwa na Walter Hood Fitch, na kuchapishwa na Linnean Society (1872–1875). Michoro hiyo ni makini kwa jani, ua na mbegu. Hata hivyo, weupe wa ukurasa umefuta udongo, mdudu na mkono wa mchumaji. Maelezo ya Grant hutaja matumizi ya wenyeji, mchoro hauyabebi. Ubora wake kwa mwanabotania ndio upungufu wake kwa mwalimu. Nakivale, ambako Kiswahili cha Kongo hukutana na Kinyankole, mchoro wenye jina la Kilatini pekee humfunza mtoto kwamba mmea aujuao haujulikani. Watunga vitabu waazime mchoro, lakini warudishe majina.