Kijidirisha cha Wakala

Nikitaka kuona jinsi jina la biashara changa linavyojengwa, situmii muda wangu kwenye matangazo ya M-Pesa, huduma ya Kenya ya kutuma pesa kwa simu. Naanzia kwenye majaribio ya 2005, huko Nairobi na Thika, wakati jina lenyewe lilikuwa halijamaanisha kitu kwa mtu yeyote. Safaricom na Vodafone walichukua wateja 500 hivi kupitia shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, na lengo lilikuwa dogo: mkopaji alipe rejesho lake kwa simu.

Wateja nao wakaichezea huduma watakavyo. Huyu akamlipia mwenzake mkopo, wakamalizana baadaye kwa kazi. Yule akaweka pesa mji mmoja, akasafiri mifuko mitupu, akazitoa alikofika. Wengine wakanunua muda wa maongezi na kuurusha kwa jamaa mashambani. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia mradi upande wa Vodafone, wangeweza kuwakemea kwa kukiuka mpango. Waliwatazama, wakaandika walichokiona. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imekatwa yote. Kilichobaki ni ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Ni maneno matatu, lakini aliyeyachagua alijua kwamba kwa watu wengi wa Nairobi nyumbani si pale wanapolala. Ni kule kwa mama, ambako hapo awali pesa zilifika kwa bahasha aliyopewa dereva wa basi, na kwa maombi. Mwaka haukuisha kabla ya waliojisajili kupita milioni moja.

Lakini tangazo halimfundishi mtu kubonyeza. Kazi hiyo ilimwangukia wakala, mwenye duka lililopakwa kijani, aliyelipwa kamisheni kwa kila aliyemsajili. Wapo waliokimbiza hesabu tu. Aliye hodari utamjua kwa mikono yake.

Nyanya anafika na simu iliyofungwa kwa raba, anamnyooshea. “Nitolee, mwanangu.” Wakala haipokei. Anaweka kidole juu ya kaunta na kuchora mahali vitufe vilipo: “Hapa, nyanya. Sasa hapa.” Ikifika zamu ya namba ya siri, anageukia rafu kupanga sabuni ambazo tayari zimepangwa. Simu zote mbili zinalia. Anasoma ujumbe wake kwanza, kisha anamsomea nyanya ujumbe uliofika kwake, kiasi alichotoa na salio, polepole, kama barua. Halafu daftari: tarehe, namba ya muamala, kitambulisho, kiasi, sahihi. Nyanya asiyeandika anaweka kidole gumba, naye wakala anampa kitambaa ajifute wino.

Foleni nyuma inanung'unika. Hamwiti wa pili hadi noti zihesabiwe mara mbili na pindo la leso lifungwe fundo.