Tabasamu Kwenye Safu ya Udhaifu

Wiki chache kabla ya drafti ya mwaka 2011 ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, jarida la Pro Football Weekly lilitoa ripoti ya mchambuzi Nolan Nawrocki kuhusu Cam Newton, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Auburn. Katika mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao. Timu nzima inategemea kichwa chake na bega lake. Ndani ya ripoti hiyo mliandikwa jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: kwamba tabasamu la kijana huyu ni la bandia. Likafuata la ubinafsi. Likafuata la kwamba daima anajua kamera ziko wapi, naye anazichezea. Mwishowe msomaji akafikishwa kwenye dai kwamba Newton anajiona yuko juu ya sheria. Ukisoma haraka utatoka kwenye meno ya mtu ukafika mahakamani, na hutajua ulipitia wapi. Mimi nimeisoma polepole, kama tulivyofundishwa darasani kusoma riwaya na tamthilia: fani kwanza, maudhui baadaye.

Nianze na soko lenyewe. Wasomaji wa kurasa zetu za michezo wamezoea dirisha la usajili, ambapo mchezaji huru huzungumza na klabu tatu akachagua moja. Drafti haiko hivyo. Timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza kati ya vijana wanaotoka vyuoni, halafu inayofuata, na kijana hana sauti juu ya wapi ataitwa. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mwaka 1936, na Jay Berwanger, aliyeitwa wa kwanza kabisa na Philadelphia Eagles, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Siku hizi ina raundi 7 na huchukua siku tatu. Kwa Afrika Mashariki raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku. Nimekesha nayo mara kadhaa, sauti ya televisheni nimeipunguza, nikitazama kijana mwenye suti mpya ameketi na mama yake huku saa ya dakika 10 ikirudi nyuma kwenye kona ya kioo. Chini ya uso wake wanaweka kadi, na kadi hiyo ni muhtasari wa ripoti ya skauti.

Ripoti ya skauti ni utanzu. Nasema hivyo kwa uzito wote, kwa kuwa ina muundo unaojirudia kama ulivyo muundo wa utenzi. Hufungua kwa vipimo: urefu, uzito, urefu wa mkono, upana wa kiganja. Mwaka 2020 kiganja cha Joe Burrow kilipatikana kuwa inchi 9, kama sentimita 23, na kwa siku kadhaa watu wazima walijadili iwapo mpira ungemponyoka kwenye baridi. Cincinnati Bengals walimchukua wa kwanza hata hivyo. Baada ya vipimo huja ubora, halafu udhaifu, halafu hitimisho, na mara nyingi hufunga kwa mfanano: kijana huyu ni kama fulani. Kwa miaka mingi palikuwa pia na mtihani wa akili wa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, ambao ligi iliuondoa kwenye kambi ya vipimo ya Indianapolis mwaka 2022.

Kinachonishika zaidi ni sentensi. Ripoti maarufu kuliko zote ni ile ya Tom Brady ya mwaka 2000, alipotoka Michigan, akasubiri mpaka nafasi ya 199 ndipo New England Patriots wakamchukua. Wapenzi wa mchezo huisoma ili kuwacheka maskauti, kwa kuwa Brady alikuja kutwaa ubingwa, yaani Super Bowl, mara 7. Huo ni usomaji wa maudhui peke yake. Itazame fani: mwili hafifu, mwembamba, mbio hakuna, mkono hauna nguvu ya kutosha. Ni vipande vya sentensi visivyo na mtenda. Kiingereza cha ripoti kinamwondoa mtu kabisa, kinabaki na kitenzi kinachoning'inia au sifa tupu. Kiswahili kingepata taabu hapo. Ukitaka kusema mtu amekosa kasi utasema "hana", na ndani ya "hana" mtu yumo, huwezi kumchomoa ukabakiwa na neno. Kitenzi chetu hutembea na nafsi yake. Kwenye ripoti nafsi imechomolewa mara mbili: mchezaji hayupo, na aliyemwona hayupo. Hakuna "nilimwona", hakuna "kocha wake aliniambia". Pana hukumu tu, kana kwamba imetolewa na mashine ileile iliyopima kiganja.

Kwa mambo ya kiganja na mbio sina ugomvi na mtindo huo. Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, na sekunde hazihitaji shahidi. Tatizo linaanza pale mtindo wa kuandikia sekunde unapotumika kuandikia moyo wa mtu.

Turudi kwa Newton. Alikuwa na mambo mawili yenye kumbukumbu. Mwaka 2008, akiwa Florida, alikamatwa kuhusiana na kompyuta iliyoibwa, na mashtaka yakafutwa baada ya kukamilisha programu ya marekebisho. Mwaka 2010 baba yake alihusishwa na kutaka fedha ili mwanawe asajiliwe na chuo kingine, na wasimamizi wa michezo ya vyuo hawakupata ushahidi kwamba Cam alijua. Haya mtu anaweza kuyauliza, kuyapinga, kuyapima. Lakini tabasamu? Ni nani aliyesimama karibu nalo akalipima? Na angalia mpangilio: lingewekwa mwisho lingeonekana jambo dogo, hata la kitoto. Limewekwa mwanzo, likawa ufunguo. Ukishakubali kwamba anapotabasamu anadanganya, kila kinachofuata kimeshapata ushahidi. Mwandishi wa tamthilia anaijua mbinu hii. Humwingiza mhusika jukwaani na ishara moja ya uso, na hadhira humfunga mhusika huyo kabla hajafungua kinywa. Tofauti ni kwamba Newton alikuwa kijana wa miaka 21 mwenye kazi ya kutafuta.

Nilijaribu kuifasiri sehemu ile kwa Kiswahili, nikakwama kwenye neno moja. Kiingereza kina neno moja pana, "character", ambalo maskauti hulitumia kwa yote: mtu aliyepiga mtu, mtu aliyechelewa mkutano, mtu anayejisikia, mtu asiyependa kuzungumza. Sisi tungelazimika kuchagua. Tabia ni mazoea ya mtu yanayojirudia. Hulka ni alivyoumbwa. Haiba ni anavyoonekana na kuvutia. Mwenendo ni anavyoenenda, matendo yake mbele ya watu na mbele ya sheria. Adabu ni jambo jingine tena. Tabasamu ni la haiba, kompyuta ni ya mwenendo. Ripoti imevitia kwenye gunia moja, ikalifunga, ikaandika juu yake neno moja, na atakayelibeba gunia hatajua uzito unatokana na nini.

Warren Moon, kwotabeki Mweusi wa zamani aliyekuwa akimshauri Newton, alilalamika hadharani kwamba kwotabeki Mweusi hupimwa kwa kipimo kingine. Alikuwa na haki ya kulisema kuliko wengi: mwaka 1978 hakuna timu ya NFL iliyomchagua, akaenda Edmonton, Kanada, akatwaa makombe matano, ndipo Houston wakamwita. Wasiokubaliana naye huleta mfano wa Ryan Leaf, Mzungu, aliyechaguliwa wa pili mwaka 1998 nyuma ya Peyton Manning, ambaye tabia yake ilijadiliwa sana na kweli ilimwangusha. Mfano huo naukubali. Skauti anaweza kuona kweli. Ila Leaf alijadiliwa baada ya kufoka na kukosana na watu mbele ya macho ya watu. Lamar Jackson, Mweusi, mwaka 2018 aliulizwa swali asiloulizwa mwingine katika wale kwotabeki watano wa raundi ya kwanza: je, asihamie nafasi ya mpokeaji? Ni swali tu, na swali halikanushwi. Baltimore Ravens walimchukua wa 32, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi.

Swali lisilokanushika lina ndugu yake, naye ni chanzo kisicho na jina. Aprili 2025 Shedeur Sanders wa Colorado, mtoto wa nyota wa zamani Deion Sanders, alitajwa kwa miezi kama kijana wa raundi ya kwanza, kisha akaporomoka mpaka raundi ya tano, nafasi ya 144, Cleveland Browns wakamchukua baada ya kuwa wameshachukua kwotabeki mwingine. Msimu uliotangulia pasi zake zilifika kwa asilimia 74. Hakushtakiwa kwa lolote. Kilichozunguka ni maneno kuhusu mahojiano yake na timu: ana majivuno, hakujiandaa. Walioyasema walikuwa makocha na viongozi wasiotajwa. Inawezekana yote ni kweli. Mimi sikuwamo chumbani. Nasema tu kwamba sentensi hizo zilijengwa kwa "inasemekana", na hilo twalijua hata kwetu. Kila dirisha la usajili kurasa zetu hujaa habari za chini ya kapeti, za mchezaji aliyegoma, za straika mlevi, na kitenzi chetu kisichokubali kuachana na nafsi hupewa kiambishi "i-" kisichomshika mtu yeyote. Lugha hainusuru mwandishi anayetaka kujificha.

Sasa nije kwa Deshaun Watson, kwa sababu huko ndiko fani hii iliponiumiza kweli. Mwaka 2017, akitoka Clemson, safu yake ya tabia ilijaa sifa. Kocha wake Dabo Swinney aliziambia timu kwamba kumwacha Watson ni kumwacha Michael Jordan. Houston Texans walimchukua wa 12. Mwaka uleule, baada ya kimbunga Harvey, aliwapa wafanyakazi watatu wa mgahawa wa klabu malipo yake ya mechi ya kwanza. Haiba tele. Mwaka 2021 wanawake zaidi ya 20, wakandaji wa mwili, wakamfungulia mashauri ya madai wakisema aliwatendea vitendo vya kingono wasivyovitaka. Alikana. Majaji wa wananchi huko Texas hawakumfungulia kesi ya jinai, na mashauri karibu yote yalimalizwa kwa makubaliano.

Machi 2022 Cleveland Browns walimnunua kwa nafasi tatu za raundi ya kwanza na nyinginezo, wakampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, zote za uhakika. Nilifuatilia vipindi vya mjadala wiki hiyo. Meza, watu wawili, mmoja anatetea, mmoja anapinga, na mwongozaji katikati akiwagawia dakika sawa. Umbo hilo lilibuniwa kwa maswali kama nani bora, Brady au Manning, na kwa maswali hayo linatosha kabisa. Lilipopewa wanawake zaidi ya 20 lilifanya kilekile linachojua kufanya: likaweka malalamiko yao upande mmoja, likaweka yadi 4,823 alizorusha mwaka 2020 upande wa pili, likauliza iwapo Browns wamelipa bei nzuri. Katika sentensi hizo mtenda alikuwa klabu. Klabu imekubali hatari. Klabu imevumilia kelele. Wanawake hawakupata kitenzi chochote. Walikuwa "suala", "wingu", "mambo ya nje ya uwanja". Neno "nje" linahitaji kutazamwa. Wakandaji wale walikuwa kazini, yeye akiwa mteja wao kwa sababu ya mwili anaouchezea. Ni nje kwa ramani ya nani?

Miezi mitano baadaye ilitoka hati ya aina nyingine. Sue L. Robinson, jaji mstaafu wa shirikisho, aliandika uamuzi wake kuhusu nidhamu ya Watson, na ndani yake vitenzi vina wenyewe: nani alipanga miadi, nani alifanya nini, nani alijua kwamba mguso hautakiwi. Alisema mwenendo ule ulikuwa mbaya kuliko wowote ambao ligi ilikuwa imewahi kuupitia. Kisha, akifungwa na adhabu zilizotangulia, akatoa mechi 6. Ligi ikakata rufaa, pande zikaafikiana mechi 11 na faini ya dola milioni 5. Nilipomaliza kuisoma hati ile nilijisikia kama mtu aliyesikia jina lake likitamkwa sawasawa baada ya kuitwa vibaya siku nzima, na halafu ikaja namba, na kuanzia hapo vipindi vilijadili namba.

Tarehe 4 Desemba 2022 adhabu ilikwisha, na ratiba ikampeleka Houston, kwenye uwanja aliouanzia. Wakili wa wanawake alikuwa amesema baadhi yao wangekuja kutazama. Browns walishinda 27 kwa 14. Usiku ule nilifungua jedwali la mechi: Watson, pasi 12 kati ya 22, yadi 131, mpira mmoja umenaswa na wapinzani. Nikashuka nalo mstari kwa mstari, wakimbiaji, wapokeaji, walinzi, wapiga teke, mpaka chini kabisa, ambako huandikwa idadi ya watu waliohudhuria.