Upande wa Chini wa Benchi

Boti ndogo ya alumini ikiwa imefungwa kando ya ziwa, wapitao huitazama bodi yake, huitazama injini, wengine huyapima makasia kwa macho. Benchi halitazamwi na mtu. Benchi hukaliwa, na likikaliwa vizuri husahauliwa papo hapo. Nataka kulisifu, na zaidi nimsifu anayelifunga. Kuukaza ubao wa plaiwudi juu ya alumini hata ukadumu miaka kumi ni ufundi kamili, wenye elimu yake na uadilifu wake, ingawa hufanywa na watu wasiojiita mafundi, jioni baada ya kazi, magoti yakiwa kwenye nyasi.

Ninaishi Flemingsberg, kusini mwa Stockholm, katika manispaa ya Huddinge. Watu huja hapa kwa ajili ya hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1972, au Chuo cha Södertörn kilichoanza 1996, au kwa sababu wamepata nyumba katika maghorofa ya Grantorp, yaliyoinuliwa enzi zile Sweden ilipoazimia kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Si wengi wanaokuja kwa ajili ya maji. Lakini maji yapo. Si mbali na hospitali liko ziwa Orlången, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka barabara na mapaa yetu hupitishwa kwanza kwenye madimbwi na matete yaliyotengenezwa makusudi ili yachujwe, ndipo yaingie ziwani, kisha yafuate mnyororo wa maziwa mengine hadi Bahari ya Baltiki. Mtu aliyekulia pwani hawezi kukaa karibu na njia ya maji kama hiyo asitamani chombo. Na kwa kipato cha mfanyakazi wa kawaida, chombo chenyewe mara nyingi ni boti ya alumini iliyokwishatumika, bodi yake nzima, mbao zake za kukalia zimeoza.

Mtaa wa maghorofa hauna karakana ya seremala. Mbao hukatiwa dukani kwa vipimo, au hukatwa katika stoo ya chini ya jengo, au hukohuko ufukweni. Ndiyo maana kazi hii ninaiheshimu.

Kwa nini basi mbao, na boti yenyewe ni ya metali? Jibu utalipata ukikalia alumini tupu. Metali hiyo hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao. Asubuhi ya mwezi wa tano inakunyonya joto la mwili mpaka mifupani. Julai saa nane mchana inakuunguza. Isitoshe ina kelele: kopo likianguka, kasia likigonga, bodi nzima hulia, na sauti husafiri majini hadi kwa samaki. Ubao hunyamazisha, hutenganisha mwili na baridi, na hauchomi.

Boti hizi asili yake iko karibu na ndege. Mwaka 1944 William Hoffman, mmoja wa wakuu wa kampuni ya ndege ya Grumman huko Marekani, alichoshwa na kubeba mtumbwi mzito katika milima ya Adirondack, akawaza mtumbwi wa alumini. Vita vilipokwisha, mikono iliyokuwa ikikunja mabati ya ndege za kivita na kuyapiga ribiti ikageukia vyombo vya majini. Nchi za Nordiki nazo zikapata watengenezaji wao, Linder wa Sweden na Buster wa Finland wakiwa miongoni mwa wanaojulikana sana. Kutoka kwa ndege boti hizi zilirithi wepesi na bati jembamba, na bati jembamba halina nguvu mpaka lishikwe.

Na hapa ndipo benchi linapoacha kuwa kiti. Benchi la kati ni kiungo kinachoshika ubavu wa kushoto na wa kulia zisifunguke wala zisisogeleane. Wimbi likipiga ubavuni, benchi ndilo linalopokea. Anayevuta makasia kwa nguvu anazivuta mbavu za boti, na benchi ndilo linalozizuia. Fundi wa Nungwi, kule Unguja, anayepanga mataruma ya mashua anajua jambo hili tangu utotoni: kila kipande kinachokatisha chombo kinafanya kazi mbili au tatu. Aliyeng'oa benchi ili apate nafasi ya kuweka sanduku la samaki ameilegeza boti nzima.

Chini ya benchi, katika boti nyingi, mna povu gumu la kuelea. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 kuhusu vyombo vya starehe inataka boti za chini ya mita 6 zinazoweza kujaa maji ziwe na namna ya kuendelea kuelea hata zikijaa. Kwa hiyo elimu ya kwanza ya mfunga benchi ni kujua asichokigusa. Hatoboi tundu jipya kwenye bodi iliyo ndani ya maji. Povu haliondoi ili apate pa kuwekea vitu. Na benchi haliinui kwa kutafuta raha ya magoti, kwa kuwa kila sentimita mwili unayopanda huisogeza boti karibu na kupinduka. Katika maji ya mwezi wa nne, ambayo barafu imeyaachia juzi tu, hesabu hiyo ni ya uhai.

Plaiwudi yenyewe inataka kuchaguliwa kwa akili. Gundi ya finoli iliyoshika matabaka ya plaiwudi ya nje haiachii hata ubao ukichemshwa, na wengi wakisikia hivyo hudhani ubao wote hauozi. Gundi haiozi, mbao huoza. Plaiwudi ya betula, ule mti wa gome jeupe uliojaa misitu ya huku, ya unene wa milimita 18, ina matabaka 13, ni ngumu na inapendeza, lakini betula yenyewe ikilowa bila kukauka haichukui muda kuharibika. Okoume ya Gabon, inayotumika sana katika plaiwudi ya boti, ni nyepesi zaidi na nayo huoza. Benchi la mita moja na robo kwa sentimita 28, unene huohuo, likiwa la betula lina kilo nne na ushei; likiwa la okoume halifiki kilo tatu. Mimi naipendelea betula kwa benchi la kati, kwa sababu haibonyei chini ya kichwa cha boliti. Lolote litakalochaguliwa, nyuzi za tabaka la juu zielekee ubavu kwa ubavu, kwa urefu wa benchi. Zikielekea omo na tezi, ubao hulegea katikati.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Alumini haina kinga nyingine ila ngozi nyembamba inayojitengenezea kwa oksijeni ya hewa. Ukiikwaruza, ngozi hurudi papo hapo. Lakini ubandike ubao uliolowa juu yake, uukaze, uuache hivyo msimu mzima: hewa haifiki, unyevu hautoki, ngozi ikijeruhiwa hairudi. Ukija kufungua unakuta unga mweupe, na chini ya unga vishimo. Hali huwa mbaya zaidi mbao zikiwa zile za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, kwa kuwa dawa hiyo mara nyingi ina shaba. Shaba na alumini zikikutanishwa na unyevu huwa betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Skrubu za shaba nyekundu au ya manjano zina dhambi hiyohiyo. Nimeona boti nzuri iliyofungwa benchi la mbao za kijani. Ubao ulikuwa mzima kabisa, na alumini chini yake imetoboka kama chujio. Aliyeufunga alitaka mbao zidumu, na zilidumu.

Maji ya huku husaidia kuficha. Orlången ni maji matamu, na hata Baltiki upande wa Stockholm ina chumvi ya gramu tano au sita tu kwa kilo ya maji, ilhali bahari ya Unguja ina gramu 35 hivi. Kosa ambalo Unguja lingeonekana mapema, hapa hukawia, na kazi mbovu huweza kusifiwa kwa muda mrefu.

Ufundi wote wa benchi hili, kwa hiyo, ni kufunga pamoja vitu viwili pasipo kuviacha vigusane. Kati ya ubao na alumini huwekwa vipande vidogo vya plastiki au mpira mgumu, unene wa milimita tatu hivi, mahali penye boliti tu. Pengine pote pabaki wazi, maji yapite, hewa ipite. Wako wanaomwaga gundi ya silikoni urefu mzima wa benchi wakiamini wamefunga mlango. Sikubaliani nao. Gundi hiyo ikiachia mahali pamoja tu maji huingia, na yakishaingia hayana pa kutokea. Nafasi iliyo wazi ni kinga bora kuliko kizibo.

Kazi huanza kwa kadibodi. Mbavu za boti hutanuka kuelekea juu na kubana kuelekea omo, kwa hiyo ncha za benchi hazikatwi mraba. Kila ncha ina mkato wake wa mshazari, na wa kushoto si lazima ufanane na wa kulia, hasa kwa boti iliyokwisha kugonga mawe. Kadibodi hukatwa, hujaribiwa, hupunguzwa, mpaka ilale bila kulazimishwa. Ndipo ichorwe kwenye plaiwudi. Baada ya msumeno, kingo zote huviringishwa kwa msasa, kwani rangi hukimbia kona kali na kuiacha tupu. Kingo ndizo mdomo wa plaiwudi. Hapo matabaka yote yanaonekana na hapo ndipo maji hunywewa. Epoksi hupakwa mara tatu pande zote, na kingoni zaidi. Wavivu husahau upande wa chini. Upande wa chini haupati jua, hukawia kukauka, na ndio unaopokea maji yanayorushwa kutoka sakafuni; unastahili kupakwa kwa uangalifu kuliko wa juu. Juu ya epoksi lazima ije rangi au vanishi ya kuzuia jua, kwa kuwa jua huila epoksi.

Matundu yana somo lao. Ndugu watatu wa Gougeon wa Bay City, Michigan, waliojenga boti za mbao na epoksi, waliueneza utaratibu ambao mimi nauona kuwa sheria: toboa tundu kubwa kuliko unalolihitaji, lijaze epoksi iliyochanganywa na unga wa kuikaza, iache igande, kisha toboa tundu dogo katikati yake. Boliti sasa inapita ndani ya epoksi, na mbao haijui kama imetobolewa.

Halafu ipo hesabu ya joto. Kati ya usiku wa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri na alumini iliyopigwa jua la kiangazi mpaka nyuzi 40, mita moja na robo ya alumini hurefuka kwa karibu milimita 1.7. Plaiwudi haiifuati. Ikiwa ubao ni kifuniko tu cha benchi la alumini, upande mmoja hupewa tundu la kubana na wa pili tundu pana kidogo, ubao uteleze kwa nafasi yake. Ikiwa ubao wenyewe ndio unaoshika mbavu, boliti hukazwa pande zote, na mbavu ndizo zinazojikunja kidogo. Fundi anayeuliza swali hili kabla ya kushika drili amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Watu wa pwani hawakuhitaji alumini ili wajue kwamba chombo lazima kicheze. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, na mbao zake zilipeana nafasi kwenye wimbi; mmoja ulitengenezwa upya mwaka 2003 kwa ajili ya Beit el Ajaib, Unguja. Na mwaka 2018 Lamu ilishusha majini Flipflopi, dau la plastiki iliyokusanywa fukweni, chini ya mkono wa fundi Ali Skanda, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Plastiki haina nyuzi kama mbao na hutanuka kwa joto kwa namna yake, hivyo mikono iliyolelewa na mbao ilibidi ijifunze malighafi mpya. Ninaliona jambo hilohilo, kwa udogo wake, kila ninapomwona mtu wa mtaani kwetu akiinamia bati la Nordiki na ubao wa betula.

Boliti ziwe za stenlesi, za milimita sita, nati zake zenye pete ya nailoni, zikipakwa grisi ya lanolini kabla ya kuingia. Stenlesi na alumini nazo hazipatani, ila boliti ni ndogo na alumini ni pana, na grisi huzuia unyevu kati yao. Hukazwa mpaka ubao utulie, basi. Anayekaza mpaka kichwa kizame ameupasua ule mfuniko wa epoksi alioupaka kwa siku nyingi.

Grisi ile ina kazi nyingine, nayo huja majira ya baridi yakiisha. Boti zimelala kifudifudi chini ya misonobari tangu Oktoba, na maji yoyote yaliyokuwa yamejipenyeza kingoni yameganda. Maji yakiganda hutanuka kwa sehemu karibu tisa kwa mia, na matabaka ya plaiwudi hufunguliwa kwa ndani. Mwezi wa nne benchi hufunguliwa. Boliti iliyopakwa grisi hutoka kwa mkono mmoja, hata kama aliyeifunga alikwisha kuiuza boti na kuhamia mji mwingine. Mwenye boti mpya huugeuza ubao na kuusoma upande wa chini. Akikuta duara jeusi kuzunguka tundu, hulichimba mpaka afikie mbao nyeupe, huuweka ubao ndani karibu na hita hadi ukauke kabisa, hulijaza epoksi na kulitoboa upya. Vipande vya plastiki huoshwa, unga mweupe ukiwapo husuguliwa, na boti huwa majini kabla ya Mei kwisha.