Viazi Visivyosubiri Mtu

Kwenye menyu ya mgahawa, viazi vya kuoka huandikwa chini kabisa, baada ya samaki, baada ya kuku, kwa herufi ndogo, karibu na kachumbari na mchicha. Vinaitwa vya kusindikiza. Mteja anaagiza kuku, anaulizwa, "Na nini?" naye anajibu huku macho yake yameshahamia kwenye simu. Mimi naona cheo hicho kimepewa asiye mwenyewe. Katika mlo wenye viazi vilivyookwa sawasawa, anayesindikiza ni kuku. Kuku ukimtoa motoni unampumzisha robo saa na utamu wake hauendi popote. Kachumbari inakaa. Mchicha unapashwa. Lakini kiazi kilichotoka kwenye oveni na gamba kavu linalolia mdomoni, kikiwa laini ndani, kina umri mfupi. Mvuke uliobaki tumboni mwake unaanza kutafuta njia, unalilowesha gamba kwa upande wa ndani, na shemeji akipiga simu moja tu ndefu, wewe utakula kiazi cha kawaida.

Kwa hiyo viazi hivi ndivyo vinavyopanga saa ya meza. Mpishi anayevijua hupanga watu kwanza, ndipo apange viazi.

Kazi yenyewe huanzia sokoni, na sokoni kwetu kiazi hakina jina. Kinauzwa kwa sado, kwa debe au kwa fungu. Ukimuuliza muuzaji ni aina gani, atakujibu "vya Njombe" au "vya Lushoto", na jibu hilo linamaanisha kwamba maswali yamekwisha. Wakulima wanayajua majina: Kikondo, Arka, Sherekea. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, Shangi ndiyo iliyotawala masoko, kwa kuwa huiva upesi jikoni, ingawa ghalani nako huchipua upesi. Uingereza, ambako viazi vya kuoka ni nguzo ya mlo wa Jumapili, mnunuzi huomba kwa jina: King Edward, aina iliyopewa jina la mfalme aliyetawazwa mwaka 1902, au Maris Piper, iliyotoka kwa watafiti wa Cambridge na kuanza kuuzwa mwaka 1966. Hizo ni aina zenye wanga mwingi, na Waingereza wamezizoea kwa kazi hii kiasi kwamba hawaoni haja ya kueleza sababu. Sisi tunabahatisha.

Kubahatisha kuna dawa, hata hivyo. Changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, utumbukize kiazi. Kikizama, kina wanga mwingi na maji machache, kipeleke oveni. Kikielea, kina maji mengi. Kipeleke kwenye mchuzi, ambako hakitapondeka. Kiazi kwa wastani ni maji kwa karibu asilimia 80, na ufundi wote ninaousifia hapa, ukiuvua mapambo, ni ufundi wa kuyaondoa maji hayo mahali panapotakiwa na kuyaacha mahali panapotakiwa.

Kuna viazi vya kukataa hata kama muuzaji ni jirani yako. Vile vilivyoanikwa juani kibandani hadi ngozi ikageuka kijani vina solanini, sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Na vile vizuri ulivyonunua usivifungie kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hukimbilia kuungua kabla kiazi hakijakauka: unapata rangi iliyokoza, uchungu kwa mbali, na gamba teketeke. Kapu lililo kivulini na penye hewa linatosha, kama walivyofanya bibi zetu kabla friji hazijaingia majumbani.

Menya, kata vipande vikubwa vyenye pembe nyingi, maana pembe ndizo zitakazokauka kwanza, kisha vianzie kwenye maji ya baridi yenye chumvi ya kutosha. Ukivitupa kwenye maji yanayochemka, nje hupondeka wakati moyo bado mbichi. Hapo kwenye maji ndipo ninapoongeza kitu ambacho wapishi wa Ulaya hukitumia kutoka kwenye kopo dogo la dukani, nasi tunacho tangu zamani: magadi. Chembe za kushikwa kwa ncha za vidole viwili tu, kwa sufuria nzima, kwa sababu magadi ya kienyeji ni makali na yakizidi utaonja sabuni. Kila aliyepika maharage makavu anajua yanavyolainika mapema kwa magadi. Sababu ni ileile kwa kiazi. Pektini, ambayo ndiyo gundi inayoshikanisha chembe za mmea, hulegea kwenye maji ya magadi na hukaza kwenye maji ya siki au ndimu. Anayetaka viazi vya saladi vibaki na umbo lake akamulie ndimu; sisi tunataka nje ilegee.

Vichemke muda gani? Hapa saa ya ukutani haina msaada. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na Nairobi kwenye 94 au 95. Maana yake ni kwamba mtu anayeishi pale pale viazi vinapolimwa ndiye anayevisubiri zaidi sufuriani, na kitabu cha upishi kilichoandikwa pwani, au London, kitamwambia uongo kwa dakika kadhaa. Chukua kisu. Kikiingia bila kupingwa, na kingo za vipande zimeanza kumeguka na kuyatia maji ukungu, umefika. Wengi huogopa na kuipua mapema. Ujasiri wa dakika tatu za ziada ndio unaotenganisha viazi vya kuoka na viazi vya kusifiwa.

Kisha mwaga maji, uviache kwenye chujio. Viache kweli. Mvuke unaopanda pale ni maji yanayoondoka bila kukugharimu gesi wala umeme, na dakika kumi za kutofanya lolote zina faida kuliko dakika ishirini za moto baadaye. Vikishageuka vyeupe kwa nje, vikavu, kama vimepakwa chokaa, virudishe kwenye sufuria tupu, funika, shika mfuniko kwa kitambaa, utikise.

Hatua hii ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu inakwenda kinyume na malezi yetu yote ya jikoni. Kwenye mchuzi, kwenye pilau, kiazi kilichovunjika ni aibu. Mama mkwe atakiona kabla hajakaa. Msichana anayejifunza kupika hufundishwa kugeuza taratibu, mwiko usiguse, umbo lisiharibike. Hapa tunavigonganisha kwa makusudi hadi kila kipande kivae koti la mparuzo, lile jivu laini la wanga ulioiva na kumeguka. Uso uliosawazika una eneo dogo la kukauka. Uso uliochubuka una mabonde na vilima visivyohesabika, na kila bonde litanywa mafuta, na kila kilima kitakuwa ukingo wa kutafuna. Anayevitoa sufuriani vikiwa nadhifu, vyenye pembe zilizonyooka, ameshajinyima nusu ya alichokifuata.

Mafuta ni suala la ukoo na mfuko. Waingereza wa zamani walizungusha nyama mbele ya moto wa wazi, na chini yake wakaweka sinia la kukinga mafuta yaliyodondoka. Viazi vikapata makao humo, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba bila mafuta ya ng'ombe au ya bata bukini hakuna viazi vya kuoka. Sina ugomvi nao. Lakini nyumba yenye samli haina sababu ya kuwaonea wivu. Samli ni siagi iliyochemshwa hadi maji na masimbi ya maziwa yakaondoka, na masimbi hayo ndiyo yanayofanya siagi ya kawaida iungue na kuacha madoa meusi. Samli hustahimili moto mkali, halafu huacha harufu ambayo mafuta ya chupa hayataijua. Kwa siku za kawaida alizeti inatosha, ilimradi iwe iliyosafishwa kiwandani. Ile ya kukamuliwa inayopangwa kwenye chupa kando ya barabara ya Singida ni tamu kwenye mboga, ila huanza kutoa moshi mapema mno kwa oveni ya namna hii.

Trei iwekwe na mafuta yake kwenye oveni tupu hadi yawe moto kabisa, nyuzi 220. Viazi vikitua, lazima vilie. Visipolia, mafuta bado baridi, nayo yatapenya ndani badala ya kubaki nje yakifanya kazi. Vigeuze kila kimoja kipate mafuta pande zote, uvitandaze visigusane. Ubahili wa trei ni kosa baya kuliko ubahili wa mafuta: vipande vilivyorundikana hupikana kwa mvuke wa wenzao.

Baada ya hapo ni subira ya saa nzima, zaidi au pungufu. Kipande cha ndani, kwa kuwa bado kina maji, hakiwezi kuvuka nyuzi 100. Ndiyo maana kinabaki laini hata oveni iwe kali vipi. Uso ukishakauka hupanda juu ya hapo, na ukipita nyuzi 140 hivi unaanza ule mchezo wa protini na sukari ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Rangi na harufu vinazaliwa humo. Mchezo huohuo unafanyika chini ya chungu cha wali, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayehitaji kufundishwa thamani yake, maana amekwisha kugombania ukoko na ndugu zake. Kiazi hiki ni ukoko wa pande zote. Kwenye wali mpishi huupata kwa bahati au kwa kusahau, na ni sahani moja tu inayonufaika. Kwenye trei kila mlaji anapewa wake, na kukwanguana kunabaki kwa vile vipande vidogo vilivyonata pembeni, ambavyo kwa haki ni mali ya mpishi.

Usivigeuze kabla ya dakika 25. Gamba likishajijenga huachia lenyewe. Ukilazimisha, linabaki kwenye trei na kiazi kinatoka uchi. Kila ufunguapo mlango, wingu la mvuke litakupiga usoni. Liache lipite, ndilo unalolitaka nje. Hii ndiyo sababu ile njia yetu ya kupalia moto, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, inayotoa wali mzuri na keki nzuri, haifai sana hapa. Nimeiona ikijaribiwa na watu wenye mikono mizuri kuliko wangu. Rangi inapatikana. Gamba halipatikani, kwa kuwa mfuniko hufuga mvuke. Kidogo inasaidia kuutegua mfuniko mwishoni, ila hapo joto la juu nalo linakimbia.

Vitoe vikiwa rangi ya dhahabu. Wapo wanaovipenda vya kahawia iliyoiva, lakini mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali hadi kukolea hujaa akrilamidi, na tangu hapo ushauri umekuwa kuishia kwenye dhahabu. Bahati nzuri ulimi nao unakubaliana na ushauri huo. Chumvi inyunyizwe sasa hivi, vikiwa bado vinachachatika, pamoja na binzari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, na pilipili manga. Kitunguu saumu, kama unakitaka, kiingie dakika tano za mwisho tu. Kikiwahi kinaungua na kuwa kichungu. Ndimu ibaki mezani, kila mtu ajikamulie kwenye kipande anachokitia mdomoni.

Limebaki tatizo la wageni. Sisi mwaliko wa saa saba ni wa saa tisa, na mwenyeji anayelijua hilo bado huumia. Habari njema ni kwamba nusu ya kazi hii hupenda kusubiri. Chemsha asubuhi, tikisa, viache wazi kwenye sinia bila kufunika. Hewa itaendelea kuvikausha na vitaoka vizuri zaidi. Nusu ya pili ndiyo isiyo na subira. Kwa hiyo trei isiingie oveni kwa ahadi ya simu ya "tuko njiani", kauli ambayo mjini huweza kusemwa na mtu aliyeko bafuni. Iingie wakishavua viatu mlangoni. Watakaa saa nzima na juisi na karanga, harufu itawafikia sebuleni, na hakuna atakayelalamika. Kuku alikwisha kuiva kitambo, amefunikwa, anangoja.

Vikibaki, visifunikwe wala visirudishwe oveni kwa matumaini. Kesho yake asubuhi vikate vidogo, vikaange na kitunguu, vunja mayai mawili juu, geuza kikaangoni, na hapo una zege, yaani chipsi mayai, tamu kuliko ya kijana wa chipsi wa pale kituoni. Pilipili iwe ya kutosha.